Siku Maji Yalipopigwa Picha

Bwawa limefukiwa. Niliona mwenyewe majuzi nilipopanda Dundori kutafuta viazi vya mbegu. Pale palipokuwa na maji sasa pana kabeji, nzuri ajabu, na kijana mwenye shamba aliniambia kwa majivuno kwamba udongo wa hapo hautaki mbolea. Nikamwambia najua. "Mathe, umejuaje?" akauliza. Nikamjibu kwamba nilikuwa nikiteka maji hapo kabla mama yake hajazaliwa. Aliniangalia vile vijana wanavyotuangalia siku hizi, nusu heshima nusu huruma, halafu akaniongezea kabeji moja ya bure juu ya gunia.

Nilirudi Kiamunyi nimenuna. Kijana hana kosa, shamba ni lake na maji yalikuwa yamekauka zamani. Lakini kuna kitu kilinichoma kwamba mtu anaweza kufukia bwawa zima bila kuniuliza mimi. Uso wangu nilioujua kwanza ulikuwa mle. Nyinyi wa rika langu mtanielewa, maana wengi wetu tulikua bila kioo nyumbani.

Shamba lilikuwa la mzungu na sisi tulikaa kwenye laini, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa nyuma ya mikalitusi. Baba alikuwa mkamuaji. Mama alichuma maua ya pareto, na mpaka leo nikisikia harufu ya pareto iliyokaushwa namwona mama akivua kikapu mgongoni. Kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka ng'ombe wakasikika tu bila kuonekana, na jua likishatoka uliweza kuliona ziwa la Nakuru mbali bondeni, kingo zake nyekundu kwa ndege wale heroe. Kazi yangu mimi ilikuwa kuteka maji ya kuoshea vyombo, kwa mkebe uliotobolewa matundu mawili na kutiwa waya.

Jina langu ni Wangui. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na mambo hayaishii kwenye jina. Baba aliniita Mama. Hakuwa anatania. Alipoingia jioni akinuka maziwa aliniuliza, "Mama, umeshindaje?" na mimi nikamjibu kama mtu mzima anayeulizwa habari za mji wake. Mama yangu naye, nikikataa uji, alishika kiuno akaiambia nyumba nzima, "Leo mama mkwe wangu amekasirika. Jamani, nimemkosea nini?" Kunichapa hakukuwezekana. Siku moja nilimwaga maziwa ya wiki nzima, na baba akaushusha mkono aliokwisha kuuinua akasema, "Sasa nitampigaje mama yangu?" Nilitawala nyumba ile bila upinzani.

Nyanya mwenyewe nilikuwa sijapata kumwona. Alikuwa Murang'a, kwenye rizavu, eneo tulilotengewa na wakoloni, na wakati huo ulikuwa wa Imajensi, ile hali ya hatari. Watu wa kabila letu hawakwenda popote bila pasi, na pasi haikutolewa kwa sababu ya kumkumbuka mama yako. Neno lile pasi nililisikia kabla sijajua kuhesabu. Asiyekuwa nayo alikamatwa. Hicho ndicho nilichojua, na nilikiamini sana.

Jirani yetu Mama Kezia, mwanamke mzee aliyeolewa kutoka mtaa mmoja na nyanya, ndiye aliyeanzisha yote. Alikuwa ananinyoa kwa wembe, maana mama alikuwa shambani na chawa hawakungoja. Akamaliza, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka. "Ni Wangui mkubwa mtupu! Paji lile, macho yale, hata mdomo anaukunja vile vile. Wewe, ukitaka kumwona cucu, huyo nyanya yako, usisumbuke na mambo ya pasi. Nenda tu pale bwawani uchungulie."

Nikaenda nikachungulia.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa meusi na yametulia. Nilipiga magoti kwenye jiwe walilokanyagia wateka maji, nikainama, na yeye akaja. Alikuwa na kipara, kama Mama Kezia na wanawake wote wazee wa kwetu. Hakuwa na meno ya mbele. Upepo ulipopita, uso wake wote ulijaa mikunjo, na hapo shaka yote ikaniisha. Huyu alikuwa mzee. Nilimsalimu, "Cucu, umeamka?" naye akafungua mdomo wakati ule ule niliofungua mimi, nikadhani ndivyo wazee walivyo, hawana subira ya kusalimiwa mpaka mwisho.

Mtaniuliza, hukujua kuwa wewe mwenyewe ulikuwa umetoka kunyolewa? Hukujua kuwa meno yako yameng'oka? Nilijua. Lakini sikuwahi kuuona uso wangu, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha. Baba alikuwa na kipande cha kioo cha kunyolea, alichokipachika juu kabisa kwenye nguzo, na nilipopanda kwenye kiti nilipata kuona nyusi moja. Na kama kila mtu aliyekutazama tangu uzaliwe amesema "huyu ni nyanya yake," utautafuta uso wako wa nini?

Kilichonisumbua kilikuwa kingine. Nyanya alikuwa ametoka Murang'a mpaka Dundori bila pasi. Ndiyo maana alijificha ndani ya maji. Nikaona ni siri kubwa na kwamba mimi peke yangu ndiye mlinzi wake. Kila asubuhi nilimsalimu kwa sauti ya chini, nikamwambia askari wamepita au hawajapita, kisha nikateka maji kando kabisa, mkebe usije ukamgonga kichwa.

Ningeendelea hivyo kama si maneno ya baba. Ilikuwa jioni, mama anasonga ugali, baba amekaa mlangoni anafuta buti. Akasema, bila kumtazama mtu, "Leo nikikamua nimejaribu kuukumbuka uso wa mama. Sauti nimeikumbuka. Mikono nimeikumbuka. Uso umekataa kuja."

"Si unaye hapa?" mama akasema, akanionyesha kwa mwiko.

Baba akanitazama, akatabasamu, lile tabasamu la kumridhisha mpishi. Halafu akarudi kwenye buti zake, na nikaona anafuta pale pale palipokwisha kung'aa. Nilitaka kumwambia, yuko bwawani, amka twende. Lakini baba alikuwa mtu wa kupiga mbio akifurahi, na watu wangeuliza anakimbilia wapi, na askari wangemfuata. Usiku huo nililala nikifikiri vile mtoto anavyofikiri, kwa nguvu zote. Nyanya alihitaji pasi. Akiwa na pasi atatoka majini, na baba atamwona.

Ndipo akaja Saulo.

Ilitangazwa kwamba watu wazima wote wa laini watapigwa picha za pasi, na mpiga picha alitumwa kutoka mjini Nakuru. Alikuwa mtu kutoka magharibi ya nchi, mrefu, mpole, mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe, na kamera yake ilikuwa na macho mawili yaliyopandana, ikining'inia kifuani. Hakuiweka jichoni. Aliinama akaichungulia kwa juu, vile vile nilivyochungulia bwawa. Kwa hilo peke yake nilimwamini.

Walitundika shuka kwenye ukuta wa banda la kukaushia pareto, na watu wazima wakasimama mbele yake mmoja mmoja. Mama yangu, ambaye hakuna siku aliyokosa la kusema, alisimama pale kama ameshtakiwa kwa jambo asilolijua. Baba pia. Mama Kezia, mcheshi wa laini nzima, alitoa uso wa jiwe. Nilisimama pembeni nikasema moyoni, hawa ni akina nani?

Saulo alipomaliza alishuka bwawani kunawa. Nikamfuata. Alijifuta mikono kwenye suruali, kisha akafungua kamera na kuielekeza kwenye maji. Nikasogea, na kijiwe nilichokikanyaga kikatumbukia majini.

"Wewe toto, kaa mbali kidogo," akasema. "Unatingisha maji yangu."

"Unampiga nani picha?"

"Hakuna mtu. Napiga maji tu."

"Kwa nini?"

Akacheka puani. "Tangu asubuhi napiga watu, na wote wananipatia uso moja tu. Sijui ile ingine wanaficha wapi. Sasa maji, yeye hajui kuniogopa. Kukiwa na mawingu anaonyesha mawingu. Kukiwa na ng'ombe anaonyesha ng'ombe. Napumzisha macho."

Nikaona hajui. Nikatazama nyuma, nikamkaribia, nikamnong'oneza, "Kuna mtu humo ndani."

"Wapi?"

"Hapo kwa jiwe. Ni cucu wangu. Hana pasi."

Nimekutana na watu wengi tangu siku ile, wenye vyeo na wenye vyuo, na wengi wao wangecheka. Saulo hakucheka. Alivua kofia, akakuna kichwa, akayatazama maji kisha akanitazama mimi, kisha tena maji. Niliona anaelewa kitu, ingawa sikujua ni kitu gani.

"Amekaa huko siku mingi?"

"Tangu mvua ilipoisha."

"Na anatoka saa ngapi?"

"Hatoki. Anakuja mimi nikimwita. Ukimpiga picha atapata pasi, halafu baba yangu atamwona. Baba amesahau uso wake."

Akavaa tena kofia. "Hiyo pasi si kazi yangu," akasema mwishowe. "Inaandikwa na wakubwa. Mimi natoa uso peke yake. Lakini bila uso hakuna kitu itaanza. Basi mwite nimwone."

Nikapiga magoti kwenye jiwe. Saulo akazunguka ubavuni mpaka kivuli chake kikatoka majini, akainama juu ya kamera yake. Tulingoja maji yatulie. Nyanya akaja kidogo kidogo, kwanza kipara, halafu macho.

"Huyu ndiye?" Saulo akauliza.

"Ndiye."

"Mwambie asikae kama wale wengine. Mwambie hapa hakuna mkubwa."

Nikamwambia nyanya hapa hakuna mkubwa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinichekesha, lakini nilicheka, naye akacheka mpaka pengo likaonekana, na kamera ikalia kidogo tu, sauti ya mtu anayevunja kijiti. Nikashangaa kwamba kazi kubwa vile ina mlio mdogo.

Zikapita wiki. Nilimwambia nyanya avumilie, mambo yake yanashughulikiwa. Siku Saulo aliporudi na picha za ofisini alipita kwetu na kumpa baba karatasi ndogo iliyofungwa kwenye gazeti. "Hii ni ya toto wa bwawa," akasema. "Amenipa kazi nzuri kuliko nyinyi wote." Akaenda zake, na sikumwona tena maishani.

Baba akafungua. Kwa dakika hiyo nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilikuwa nimenawa uso. Nilisimama mbele yake nikingoja apige mbio.

Alikaa kwenye kigoda chake cha kukamulia. Akaigeuza picha, juu chini, chini juu, mpaka uso ukasimama sawa. "Ni mama," akasema. "Njoo uone. Ni mama kabisa." Mama akaja na unga mikononi, akachungulia begani pake. "Ni yeye mtupu," akasema. Baba akaweka kiganja machoni, na mabega yake yakacheka au yakalia, sikuweza kujua, na mama akamwacha.

Nikasogea nikaona. Kulikuwa na mawingu, na vilele vya mikalitusi vimesimama kichwa chini, na katikati msichana anacheka. Hakuwa na mkunjo hata mmoja. Nililijua gauni lile. Kola yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa gunia, na aliyeshona ni mama yangu mwenyewe, na gauni lenyewe nilikuwa nimelivaa pale nilipokuwa nimesimama. Nikaishika kola. Nikayashika meno yangu, pengo likawa pale pale.

Kwa hiyo mle bwawani hakukuwa na mtu ila mimi. Hilo nililielewa kwa mshtuko mmoja, na halikuniumiza sana; kwa kweli nilimpenda yule msichana papo hapo. Alikuwa na macho ya mtu asiyeogopa kuulizwa. Kilichoniumiza ni kwamba nilimwona siku hiyo hiyo nikanyang'anywa. Baba, aliyekuwa akijua gauni na pengo na kila kitu, alimtazama yule msichana akaona mtu mwingine. Kama huyo ni nyanya, mimi niko wapi?

Nikauliza. Nilisema kwa sauti, "Na mimi niko wapi?" Baba akanivuta akanikumbatia. "Mama yangu," akasema, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Sikulia. Baba alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona, aliimba akienda kukamua, na mtoto anajua thamani ya kitu kama hicho. Lakini asubuhi nilipokwenda bwawani sikumsalimu mtu. Nilimtazama yule msichana naye akanitazama. Nimewahi kusikia watu wasomi wakieleza kwamba mtu hujitambua kupitia macho ya wenzake. Labda. Mimi wenzangu waliponitazama waliona wazee wa mbali tu, maji ndiyo yaliyonionyesha nilichokuwa bila kuongeza neno.

Masharti yalipolegea baba alipata pasi na ruhusa ya siku chache, na akaamua kwenda na mimi, ili jina likutane na jina. Tulipanda treni pale Nakuru. Picha aliiweka kwenye mfuko wa shati, akaigusa kila stesheni. Yeye alikuwa anakwenda kumwona mama yake, na mimi nilikuwa nakwenda kukutana na mwenye uso. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Nitafika, nitamkuta mtu amevaa macho yangu na paji langu, ambaye alikuwa navyo kabla yangu, na hapo itajulikana wazi kwamba mimi sina changu.

Nyanya alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameketi nje akimenya viazi, kwenye kijiji cha pamoja walichohamishiwa na serikali, nyumba zimebanana mpaka moshi wa jirani unapikia kwako. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Baba alisimama mbele yake. Akatoa picha, akamwekea mkononi, akasema, "Mama, nimekuletea uso wako. Nimekaa nao mfukoni wakati wote huu."

Nyanya akaweka kisu chini. Akaisogeza picha kwenye jicho zima, akaigeuza kwenye mwanga. Alichukua muda wake. Kisha akaninyooshea kidole cha kuniita, akanishika kidevu, akanitazama mimi, akaitazama picha.

"Huyu ni mtoto wako," akasema.

Baba akacheka. "Mama, ni wewe! Kila mtu amesema. Mama Kezia amesema."

"Huyo Mama Kezia alianza kutoona vizuri tukiwa wasichana." Hakuniachia kidevu. "Mimi nikiwa mdogo hivi sikucheka na pengo. Nilifunika mdomo kwa mkono. Mimi nilimtazama mtu kama ninayeomba ruhusa ya kupita. Huyu haombi mtu. Mwangalie! Ameingia kwangu na tayari ananikagua kama mimi ndiye mgeni." Na ni kweli nilikuwa namkagua. Nilikagua paji, nikakagua mdomo. Paji lilifanana kidogo. Mdomo haukufanana hata kidogo.

"Jina nimempa mimi," nyanya akasema. "Uso amekuja nao mwenyewe."

Nyinyi mnaosoma hamwezi kujua nilivyofurahi. Ningeweza kuinua gunia la viazi. Lakini baba alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepokonywa kitu, maana picha ile ndiyo iliyomlaza usingizi miezi yote hiyo. "Sasa mimi nilikuwa namtazama nani?" akauliza.

"Ulinitaka mimi, ukanitafuta palipokuwa karibu. Si kosa," nyanya akamwambia. "Lakini sasa niko hapa. Niangalie."

Baba akachuchumaa mbele yake akamwangalia. Aliliangalia lile jicho la ukungu na mashavu yaliyoingia ndani, na nikaona anavyojifunza upya kitu alichokwisha kujua. Machozi yakamtoka bila haya. "Mama," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu mdogo.

"Naam," nikaitika, kwa mazoea.

Nyanya akageuka. "Hapana," akaniambia, na hakuwa mkali. "Hapo anaitwa mimi. Wewe nenda ukacheze."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo. Nilitoka mbio mpaka kwenye uwazi kati ya nyumba, ambako watoto walikuwa wanarushiana mpira wa majani ya migomba. Wakasimama kunitazama, mgeni mwenye kola ya uzi wa gunia. Msichana mkubwa kuliko wote akaniuliza naitwa nani.

"Wangui."

"Wangui ni yule cucu wa pale," akasema, akicheka na wenzake.

"Yule ni yule," nikamwambia. "Wangui ni huyu hapa. Lete mpira."